Jinsi ya kupima bati linavyochanika: mwongozo kwa maabara na karakana za Kigoma

Upepo unaotangulia mvua ukishaezua paa, iwe Kibirizi, Ujiji au Gungu, mabati huokotwa mbali na nyumba. Yatazame kabla hayajachukuliwa na wanunuzi wa vyuma chakavu. Ni nadra kukuta bati lililokatika katikati kwa kuvutwa. Mara nyingi bati ni zima, isipokuwa palipopigwa msumari: hapo tundu limepanuka, na kutoka kwenye tundu ufa umekimbia hadi ukingoni. Msumari wenyewe umebaki kwenye mbao na kofia yake. Bati hilo limechanika.

Hati inayokuja na koili ya bati hutaja nguvu ya mvuto kwa megapaskali, yaani newtoni kwa kila milimita mraba. Namba hiyo ni ya kweli, lakini imepatikana kwa kuvuta kipande kilichosuguliwa kingo, kisicho na tundu wala mkwaruzo. Hakuna paa lenye bati la namna hiyo. Paa lina matundu ya misumari, kingo zilizokatwa kwa mkasi na mikwaruzo ya kuburuzwa kwenye lori. Swali linalomhusu mwenye nyumba ni jingine: ufa ukishaanza, inahitajika kazi kiasi gani kuusogeza milimita moja mbele? Jaribio la mvuto peke yake haliwezi kulijibu, na ninashikilia kwamba maabara inayopima mabati bila kupima uchanikaji imefanya nusu ya kazi.

Tazama kiwango cha Australia cha AS 1397. Chuma cha daraja la G550 kinatakiwa kihimili angalau megapaskali 550 kabla ya kuanza kulegea, yaani kurefuka bila kurudi, lakini mrefuko unaodaiwa kabla ya kukatika ni asilimia 2 tu. Daraja la G300 linahimili 300, na mrefuko wake ni angalau asilimia 20 kwenye urefu wa kupimia wa milimita 50. Mnunuzi anayesoma namba ya kwanza tu ataona G550 ni karibu mara mbili ya mwenzake. Lakini Waaustralia wenyewe, kwa bati la G550 lenye unene chini ya milimita 0.6, hawamruhusu mhandisi kuitumia 550 yote katika hesabu za kawaida. Huishusha hadi asilimia 75. Chuma kilichoviringishwa baridi bila kulainishwa tena kwa joto, kama hiki cha G550, kina nguvu nyingi na uvumilivu mdogo. Kinafaa kwa paa, maana kinawezesha bati kuwa jembamba na jepesi, ila lazima ujue kinavyofanya penye tundu.

Somo hilo walilipata kwa uchungu. Kimbunga Tracy kilipoupiga mji wa Darwin tarehe 25 Desemba 1974, uchunguzi ulionyesha kwamba mapaa mengi hayakung'olewa kwa msukumo mmoja. Upepo uliyavuta na kuyaachia mabati mara nyingi, nyufa zikaanza kuzunguka vifungio, na mwisho bati likapita juu ya kichwa cha skrubu. Baadaye kanuni za Darwin zikataka bati lijaribiwe kwa mizunguko 10,000 ya mzigo. Kigoma hatuna vimbunga vya bahari, lakini paa linalopiga kelele usiku kucha linafanya zoezi hilohilo kwa kiwango kidogo.

Vifaa

Kwanza mashine ya kuvuta. Hapa watu wengi hukosea kwa kudhani kubwa ndiyo bora. Piga hesabu: kipande chenye upana wa milimita 12.5 na unene wa 0.4 kina eneo la milimita mraba 5. Ukizidisha kwa 550 unapata newtoni 2,750, yaani kilonewtoni 2.75. Mashine ya kilonewtoni 5 au 10 inatosha kabisa. Ile ya kupimia nondo, yenye uwezo wa kilonewtoni 600, itakuwa inasoma chini ya nusu asilimia ya kipimo chake, na namba utakayoandika haitakuwa na maana. Ni heri kutumia njia ya ndoo nitakayoieleza mbele kuliko kuvutia bati kwenye mashine ya nondo.

Vingine ni mikromita, kalipa, jiriwa, tupa laini, mkasi wa bati, uzi wa msumeno wa sonara, wembe mpya, kioo cha kukuzia, kalamu ya wino usiofutika, na simu yenye kamera nzuri. Vaa glavu za ngozi wakati wa kukata, na miwani wakati wa kuvuta, kwa sababu bati gumu likikatika hurusha chembe.

Hatua ya 1: kuchukua sampuli

Omba bati bapa, kabla halijapitishwa kwenye mashine ya kutengeneza migongo. Ukipewa la msauzi lililokwisha kukunjwa, kata kwenye sehemu tambarare kati ya migongo. Usinyooshe mgongo kwa nyundo ili upate upana, kwa kuwa kila pigo linakifanya chuma kiwe kigumu zaidi, na utakuwa unapima nyundo yako. Acha sentimita tano kutoka kila ukingo.

Kabla ya kukata chochote, chora mishale kwenye bati zima kuonyesha mwelekeo ambao chuma kiliviringishwa kiwandani. Kwa mabati yanayotoka kwenye koili, mwelekeo huo ni wa urefu wa bati, sambamba na migongo. Mshale uwepo kwenye kila kipande kitakachozaliwa. Chembe za chuma na uchafu mdogo uliomo ndani hunyooka kufuata mviringisho, kwa hiyo ufa unaokimbia sambamba na mwelekeo huo na ule unaoukata haupati upinzani uleule. Kipande kilichopoteza mshale wake kitupe.

Kama sampuli ni bati la zamani, andika lilikotoka. Bati lililokaa Uvinza, kunakozalishwa chumvi, huweza kuwa na vidoa vya kutu ambavyo vyenyewe ni mianzo ya ufa. Pima unene kwenye doa na nje ya doa, kisha tenga vipande vya aina hizo mbili.

Hatua ya 2: unene

Dukani bati linauzwa kwa geji: 28, 30, 32. Namba ikikua bati linapungua unene, na wapo wateja wasiolijua hilo. Geji haitoshi kwa hesabu. Pima kwa mikromita sehemu tano za kila kipande, uchukue wastani.

Kisha kuna suala la zinki. Mpako wa gramu 275 kwa mita mraba, ukihesabu pande zote mbili, ni karibu milimita 0.04 kwa jumla. Kwenye bati lenye unene wa jumla wa milimita 0.30, hiyo ni zaidi ya sehemu moja ya kumi, na zinki haichangii nguvu kama chuma. Ukitaka namba ya chuma chenyewe, chukua kipande kidogo cha pembeni, kitie kwenye asidi ya hidrokloriki iliyochanganywa na maji, usubiri mapovu yaishe, ukioshe, ukikaushe, kisha ukipime. Fanya hivyo nje au penye hewa ya kutosha, mbali na moto, kwa kuwa mapovu hayo ni hidrojeni. Unaongeza asidi kwenye maji, kamwe usimimine maji kwenye asidi. Bati la rangi linahitaji kuondolewa rangi kwanza.

Hesabu zote zinazofuata tumia unene wa chuma kitupu, na useme hivyo kwenye ripoti.

Hatua ya 3: kukata vipande

Mkasi wa bati unakunja ukingo na kuacha makovu madogo, na kila kovu ni mwanzo wa ufa ambao hukuukusudia. Kata ukiacha milimita tatu za ziada kila upande. Panga vipande vitano au sita, vibane katikati ya vyuma bapa viwili kwenye jiriwa, uvipige tupa pamoja hadi kwenye mstari. Vikiwa vimebanana hivyo havikunjiki, na vyote vinatoka na upana mmoja. Malizia kwa msasa laini, ukisugua kufuata urefu wa kipande. Grenda usiiguse: ukingo ukigeuka rangi ya bluu ujue joto limekwisha kukibadilisha chuma.

Unahitaji aina mbili za vipande. Aina ya kwanza ni ya mvuto wa kawaida: kiuno cha upana wa milimita 12.5, urefu wa kupimia 50, mabega mapana ya kushikwa na taya, na mbetuko laini kati ya bega na kiuno. Vitatu kwa urefu wa bati na vitatu kwa upana vinatosha. Jaribio lenyewe linajulikana na kila mwanafunzi wa ufundi, sitakaa hapo.

Aina ya pili ndiyo yenye kazi. Ni mistatili ya milimita 50 kwa 150, itakayokatwa mikato miwili inayotazamana, mmoja kila upande, ikiacha katikati sehemu ya chuma isiyokatwa. Tuiite daraja. Tengeneza vipande vyenye madaraja ya urefu tofauti: milimita 5, 7, 9, 11, 13 na 15, viwili kwa kila urefu. Ukipima mielekeo yote miwili, wa kufuata mviringisho na wa kuukata, jumla ni 24.

Urefu wa daraja una mipaka. Likiwa fupi kuliko mara tatu hadi tano ya unene, chuma kilicho kwenye ncha za mikato kinabanwa na hakiwezi kulegea kama inavyokuwa kwenye bati halisi. Likizidi theluthi moja ya upana wa kipande, yaani karibu milimita 16 kwa hiki cha 50, ulegeaji unafika kwenye kingo na hesabu inaharibika. Kati ya mipaka hiyo, daraja lote hulegea kwanza, ndipo lichanike.

Njia hii waliiweka kwenye umbo lake watafiti Cotterell na Reddel mwaka 1977, wakiendeleza wazo la mwenzao Broberg wa Sweden. Nimeichagua badala ya jaribio la Kahn, lenye mkato mmoja, kwa sababu moja: bati jembamba chini ya milimita moja, likivutwa upande mmoja tu, upande wa pili hujikunja na kutoka nje ya ubapa wake. Kwa sahani nene, au alumini ya boti, jaribio la Kahn linafaa sana. Lilizaliwa Marekani miaka ya 1940, wakati ambapo meli zilizounganishwa kwa kulehemu zilikuwa zinapasuka. Meli ya mafuta Schenectady ilikaribia kukatika vipande viwili Januari 1943 ikiwa imefungwa gatini. Liemba yetu, iliyoundwa Papenburg mwaka 1913 na kuunganishwa upya hapa Kigoma hadi ikashushwa ziwani 1915, ni ya ribiti. Kwenye meli ya ribiti ufa ukifika mwisho wa sahani hauna njia rahisi ya kuvuka kwenda sahani ya pili. Kwenye ya kulehemu chuma ni kimoja, na ufa haukuti mpaka.

Hatua ya 4: mkato

Hapa ndipo pa kutumia muda. Msumeno wa kawaida wa chuma unaacha mfereji wa karibu milimita moja wenye kitako butu, na ufa hautaanzia hapo kwa urahisi. Utapata namba kubwa ya kupendeza isiyo ya kweli. Kata kwa msumeno huo hadi zibaki milimita mbili, endelea kwa uzi wa sonara, kisha malizia kwa wembe mpya wenye dawa ya kung'arishia chuma, ukiuvuta taratibu bila kuukandamiza. Kwa jaribio la Kahn, kiwango cha ASTM B871 kinataka ncha ya mkato iwe na nusu-kipenyo kisichozidi milimita 0.025. Karakana nyingi haziwezi kufika huko, lakini ncha zote zikiwa sawa, mabati mawili yataweza kulinganishwa kwa haki.

Mwenye mashine ya kurudiarudia mzigo aanzishe ufa halisi kwa mizunguko midogo. Hiyo ndiyo ncha kali kuliko zote. Asiye nayo aseme wazi kwamba ametumia wembe.

Mikato miwili lazima itazamane sawasawa. Ikipishana hata milimita moja, mipasuko itakimbia kila mmoja njia yake na daraja litasokotwa. Chora mstari mmoja kupita upana wote kabla ya kuanza, na ukikague kila kipande kwa kioo cha kukuzia.

Baada ya kukata, pima daraja upya. Ulikusudia milimita 9, umepata 8.7: andika 8.7. Piga picha ya kila kipande ikiwa na rula pembeni.

Hatua ya 5: kufunga kwenye mashine

Acha vipande vikae ndani ya chumba hadi vipoe. Kiwango cha kimataifa cha jaribio la mvuto, ISO 6892-1, kinataka chumba kiwe kati ya nyuzi 10 na 35, na Kigoma tunaingia humo bila taabu, ila bati lililoachwa juani kwenye kibaraza linapita kiwango hicho kwa mbali.

Shika milimita 30 kila ncha. Zinki inateleza, kwa hiyo weka kipande cha msasa kila upande, sehemu ya mchanga ikitazama bati. Mstari wa katikati ya kipande uende sambamba na mstari wa mvuto. Kipande kikiinama, upande mmoja wa daraja utachanika kabla ya mwingine. Vuta newtoni 20 hivi ili kuondoa ulegevu, kisha weka sifuri.

Hatua ya 6: kuvuta

Kasi ya milimita moja kwa dakika inafaa, na iwe hiyohiyo kwa vipande vyote. Mashine irekodi nguvu na mwendo mfululizo. Simu iwe inachukua video, bati na rula vikionekana.

Utaona mambo kwa mpangilio huu. Ncha za mikato zinafunguka na kuwa butu. Daraja linapoteza mng'ao, zinki inaanza kuchanika vijistari, na chuma kinakonda. Nguvu inafika kileleni. Kisha mipasuko inatoka pande zote mbili, ikisogeleana taratibu, huku nguvu ikishuka hadi sifuri.

Usisimamishe mashine kwenye kilele. Hili nalisisitiza kwa sababu mazoea ya jaribio la nondo ni kusoma nguvu ya juu na kuzima. Sehemu kubwa ya habari za uchanikaji iko kwenye mteremko baada ya kilele. Mabati mawili yanaweza kufanana kwenye kilele, moja likateremka taratibu na jingine likaanguka ghafla, na hilo la pili ndilo litakaloachia paa.

Wengine huuliza kama mwendo wa mashine unafaa kwa hesabu, ilhali mashine nayo inanyumbuka kidogo. Kwa nishati ya jumla unafaa: kilichonyumbuka kwenye mashine hurudi nguvu inaposhuka hadi sifuri, hivyo kwenye eneo lote kinajifuta. Kisichorudi ni kuteleza kwa taya. Chora mstari wa kalamu mahali taya linapoishia; baada ya jaribio, mstari ukiwa umesogea, kipande hicho hakihesabiwi. Vilevile bati likikatika kwa kishindo kabla ya mashine kufuata mteremko, andika hivyo. Hilo ni jibu tayari, ingawa halina namba. Umeme ukikatika katikati, anza na kipande kingine.

Hatua ya 7: hesabu

Eneo lililo chini ya mstari wa nguvu dhidi ya mwendo ndiyo kazi iliyotumika. Nguvu ikiwa kwa newtoni na mwendo kwa milimita, gawa kwa 1,000 upate jouli. Lahajedwali ya kompyuta hufanya hivyo kwa kujumlisha vipande vidogo. Asiye nayo achapishe grafu kwenye karatasi ya miraba na kuhesabu miraba.

Gawa kazi hiyo kwa eneo la daraja, yaani urefu wake mara unene. Tuseme daraja ni milimita 10, unene 0.4, kazi jouli 1.2. Eneo ni milimita mraba 4, kwa hiyo kazi mahsusi ni jouli 0.30 kwa milimita mraba.

Namba hiyo bado ina vitu viwili ndani yake. Kimoja ni kazi ya kuchana chuma kwenyewe, palepale ufa unapopita. Kingine ni kazi ya kulegeza chuma kilicho kandokando. Cha pili kinakua kadiri daraja linavyorefuka, cha kwanza hakibadiliki. Ndiyo maana tulikata madaraja ya urefu mbalimbali. Weka urefu wa daraja kwenye mhimili wa chini, kazi mahsusi kwenye mhimili wa wima, uchore mstari ulionyooka unaopita karibu na nukta zote, kisha uurefushe kushoto hadi urefu sifuri. Pale unapokata mhimili wa wima ndipo penye kazi ya lazima ya kuchana.

Kwa mfano wetu, daraja la 5 likitoa 0.25 na la 15 likitoa 0.35, mstari unapanda 0.01 kwa kila milimita, na unakata mhimili kwenye 0.20. Basi bati hilo, katika mwelekeo huo na unene huo, linadai jouli 0.20 kwa kila milimita mraba ya ufa. Nasema unene huo kwa makusudi: namba ya bati la 0.4 usiihamishie kwenye sahani ya milimita 3 hata kama chuma ni kilekile.

Nukta ikikaa mbali na mstari, rudi kwenye picha na video. Ukikuta mikato ilipishana au taya liliteleza, iondoe na useme sababu. Usipokuta kasoro, ibaki. Kuondoa nukta kwa kuwa inaharibu sura ya grafu ni kumdanganya mtu atakayelala chini ya paa hilo.

Kama huna mashine: jaribio la suruali

Kasulu, Kibondo au popote penye karakana, jaribio hili linawezekana. Watafiti Rivlin na Thomas walilitumia kwa mpira mwaka 1953, na kwa bati linafanya kazi mradi ujue mipaka yake.

Kata ukanda wa milimita 30 kwa 150. Pasua katikati kwa urefu, kuanzia ncha moja, milimita 50, upate miguu miwili ya upana wa 15. Malizia ncha ya mkato kwa wembe kama kawaida. Kunja mguu mmoja mbele na mwingine nyuma. Mguu wa juu ubane kwenye boriti imara, wa chini ufungie ndoo kwa klempu na bolti. Chini ya ndoo panga matofali yakiacha pengo la sentimita tatu tu. Kila ufa unaposonga milimita moja, ndoo inashuka milimita mbili, kwa hiyo pengo hilo linaruhusu mchaniko wa sentimita moja na nusu. Bila matofali ndoo itaanguka yote na hutajua kilichotokea. Miguu yako iwe mbali.

Mimina mchanga kwa kikombe, taratibu. Ufa ukianza kusogea, simama, pima ndoo na mchanga wake kwenye mizani. Ondoa tofali, ongeza mchanga kidogo kidogo, upate mzigo unaotosha kuuendeleza ufa. Rudia kwa vipande vitano. Kilo moja ni newtoni 9.81, ndoo ya lita 20 iliyojaa maji ina karibu newtoni 196 za maji peke yake, bila uzito wa ndoo.

Kazi ya kuchana hupatikana kwa kuzidisha nguvu mara mbili na kugawa kwa unene. Kilo 15.3 ni newtoni 150. Mara mbili ni 300. Ukigawa kwa 0.4 unapata newtoni 750 kwa milimita, sawa na jouli 0.75 kwa milimita mraba. Ni kubwa kuliko 0.20 ya mashine, kwa sababu humu imo kazi ya kukunja miguu yenyewe, na pia chuma hapa kinachanwa kwa kusokotwa nje ya ubapa wake. Usizilinganishe namba za njia hizi mbili. Tumia suruali kulinganisha bati na bati lenye unene uleule na miguu ya upana uleule; kwa kazi hiyo linasema kweli.

Tundu la msumari

Mama mmoja aliyekuwa anajenga aliniuliza, "Mwanangu, kama bati ni lile lile, msumari na skrubu vina tofauti gani?" Swali hilo lina jaribio lake. Chukua vipande vya sentimita 15 kwa 15 kutoka bati moja. Vitatu vitoboe kwa kupiga msumari, vitatu kwa keke badala ya skrubu. Bana kila kipande kati ya pete mbili za chuma, pitisha bolti yenye washa sawa na ya kifungio, ivute hadi bati lipite juu ya washa. Kabla ya hapo vitazame kwa kioo cha kukuzia: tundu la msumari mara nyingi lina kingo zilizoraruka kama petali, na kila raruko tayari ni ufa. Ukiwa na subira, vuta seti nyingine hadi theluthi ya nguvu ya juu na kuachia, tena na tena, ukiangalia nyufa zinaanza lini. Majibu hayo mwenye nyumba anayaelewa bila grafu.

Kusoma mpasuko

Bati laini lililochanika vizuri lina ukingo uliokonda na kuinama kwa karibu nyuzi 45, wenye rangi ya kijivu isiyong'aa. Pima unene ukingoni na ulinganishe na wa awali: kadiri kilivyokonda, ndivyo chuma kilivyopambana. Ukingo ulionyooka, usiokonda, unaometa, ni wa chuma kilichokatika bila kulegea. Ufa uliogeuka ghafla na kufuata mshale wa mviringisho unaonyesha uchafu uliojipanga ndani ya chuma.

Ripoti

Andika asili ya bati, unene kwa mpako na bila mpako, mwelekeo wa ufa ukilinganisha na mviringisho, namna ncha ilivyotengenezwa, kasi, joto la chumba, vipande vilivyohesabiwa na vilivyoachwa pamoja na sababu. Weka nguvu ya mvuto na kazi ya kuchana kwenye jedwali moja, kando kwa kando, ili asomaye asiweze kuona moja bila nyingine. Usiandike "bati bora" wala "bati baya". Kuthibitisha ubora kisheria ni kazi ya Shirika la Viwango Tanzania.

Vipande vilivyochanika vitie kwenye bahasha kwa jozi, nusu kwa nusu, nyuso za mpasuko zikiwa zimepakwa mafuta mepesi zisipate kutu, na usizigusanishe kujaribu kama zinaoana. Hifadhi pia kipande kizima cha bati lilelile, angalau sentimita 30 kwa 30, chenye mshale, kwa ajili ya atakayetaka kupima upya.